Jina la Kuazima

Asubuhi ile Swafiya alivaa mtandio wa rangi ya maziwa, akauvua, akavaa wa buluu, akauvua nao. Joanita, Mganda aliyeishi naye chumba kimoja huko Silicon Oasis, Dubai, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za buti zake za ulinzi. Akaangua kicheko.

"Wewe unaenda kazini ama unaenda kuolewa?"

"Mama yake Mahfudh anakuja hotelini leo saa kumi. Nikimaliza zamu tunakaa chai, mimi na wao."

"Sasa unaogopa nini? Mwanamume anakupenda mpaka anasahau kula!"

Swafiya akaurudia mtandio wa rangi ya maziwa, akajifanya anatafuta pini. Joanita alikuwa rafiki wa kweli, lakini hata yeye hakujua. Kwa miezi kumi na moja Swafiya alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, tena mdogo, wa neno moja. Na neno lile ndilo alilokuwa akilipeleka mbele ya mama mkwe.

Lilianza Ramadhani iliyopita, nyumbani kwa Ibra, mfanyabiashara wa Mombasa anayenunua bidhaa soko la Naif na kuwaalika watu wa pwani kufuturu kwake. Mahfudh ndiye aliyeleta sinia la sambusa mpaka mlango wa chumba cha wanawake. Swafiya ndiye aliyelipokea. Macho yakakutana juu ya sinia, na hakuna aliyelivuta wala aliyeliachia.

"Mwenzetu ni nani?" Mahfudh aliuliza.

"Swafiya."

"Swafiya nani?"

Swali la kawaida kabisa. Watu wa pwani wakikutana ugenini huulizana hivyo kabla ya kuulizana hali. Lakini kwenye pasi yake iliandikwa Swafiya Mwanaidi, na Mwanaidi si jina la baba wala la babu. Ni jina la mama yake. Mtu yeyote wa kwao akilisikia anajua papo hapo: huyu ni mtoto asiye na baba wa kumtaja. Baba yake, fundi wa friji, aliitwa mbele ya kadhi mimba ikiwa na miezi saba, akaapa kwamba hamjui yule mwanamke. Tangu hapo hakuonekana tena Mombasa.

"Swafiya Bamusfir," akajibu.

Bamusfir ilikuwa nyumba kubwa ya Mji wa Kale ambamo mama yake alikuwa mpishi. Swafiya alikulia nyuma ya jiko lao, akalala chumba cha uani, akavaa nguo zilizowabana mabinti wao. Jina lile lilimtoka kama kikombe kinavyoponyoka mkononi. Angeweza kulikanusha kesho yake. Lakini kesho yake Mahfudh alimpigia simu kumuuliza kama amefika salama, na sauti yake ilikuwa tamu mno.

* * *

Saa tano mchana mapokezi ya hoteli yalichangamka. Mgeni aliyengojewa tangu juzi alikuwa ameingia: mwanamfalme kutoka nchi moja ndogo ya Ulaya, kijana mrefu mwenye pua iliyoiva kwa jua na shati la kitani lililokunjamana. Alifuatana na katibu wake, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani.

Swafiya alipokea pasi, akaanza kuandika. Majina ya kwanza yalikuwa manne, yote marefu. Alipofika kwenye jina la ukoo akageuza ukurasa, akaugeuza tena. Hapakuwa na kitu. Akaacha nafasi ile tupu, na kompyuta ikakataa kuendelea.

Herbert, msimamizi wa zamu, akaja mbio. "Yalla, Swafiya, mgeni amesimama!"

"Hana jina la ukoo, sir."

"Kila mtu ana jina la ukoo."

"Huyu hana," katibu akasema, akitabasamu kama aliyezoea jambo hilo. "Nyumba yao ina jina lake, lakini halimo kwenye pasi. Alipokuwa jeshini aliazima jina la jimbo la baba yake, kwa sababu sajenti alitaka kitu cha kuita."

Swafiya hakujua ulimi wake umepata wapi ujasiri. "Madam, kuazima jina kunaruhusiwa?"

"Binti yangu, kuna ukoo mzima wa kifalme uliobadili jina katikati ya vita kuu vya kwanza. Jina lao lilikuwa la Kijerumani, na wananchi wao walikuwa wakipigana na Wajerumani. Wakachukua jina la kasri lao mojawapo. Leo nani anawauliza?"

Watu wakacheka. Mwanamfalme mwenyewe akacheka, akaomba radhi kwa usumbufu. Mwishowe Herbert akaandika jina la nchi yake mahali pa ukoo, na kompyuta ikaridhika.

Swafiya alicheka nao, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinachochoma. Huyu kijana hakuhitaji jina la baba kwa sababu dunia nzima inamjua baba yake. Na yeye je? Yeye hakuwa nalo kwa sababu aliyepaswa kumpa aliapa kwamba hamjui mama yake. Mmoja anaitwa Mtukufu. Mwingine watu humwita kwa kunong'ona.

* * *

Saa kumi juu ya alama, Bi Muna aliingia. Alivaa buibui zito lenye nakshi mkononi, na harufu ya udi ilitangulia kufika kabla yake. Nyuma yake alikuja Mahfudh. Kwa kawaida alimjia Swafiya na mafuta ya magari kwenye kucha, maana alikuwa akiuza vipuri Ras Al Khor. Leo alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyonyooka, na mikono yake alikuwa ameisugua mpaka ikawa myekundu. Swafiya alipoiona mikono ile, moyo ulimuuma. Huyu mtu amejisafisha hivi kwa ajili yangu, akawaza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo nikutazame vizuri." Bi Muna akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayechagua kitambaa dukani. Kisha akatabasamu. "Mahfudh hakusema uongo. Kaa."

Walikaa kwenye kona ya mgahawa. Chai ikaja, na tende. Mahfudh aliketi kando ya mama yake, na kila Bi Muna alipoinamia kikombe, macho yake yaliruka kumtafuta Swafiya na kumwambia: umeona? Anakupenda. Swafiya akajibu kwa kope tu, akiona haya ya furaha, haya ya kawaida ya msichana anayeposwa. Kwa muda mfupi alisahau ile haya nyingine.

"Mahfudh ananiambia mmepata mwana wa mfalme hapa," Bi Muna alisema kwa shauku. "Wa ukoo gani?"

"Hana jina la ukoo, mama. Hata kwenye pasi halimo."

"Hana!" Bi Muna akaweka kikombe. "Mtu mzima, mwana wa mfalme, hana jina la ukoo?"

"Wenyewe wanasema hawalihitaji."

"Haya, wao hawalihitaji. Sisi tunalihitaji." Akacheka, akampiga Swafiya kofi dogo la gotini. "Sasa nambie wewe. Bamusfir wa nani? Mimi niko Malindi, lakini arusi zao zote nakwenda. Arwa Bamusfir ni kama dada yangu. Wewe sijakuona hata siku moja."

Chai ikamkauka Swafiya mdomoni. "Mimi... nilikuwa mdogo, mama. Nilikaa sana kwa shangazi."

"Shangazi gani?"

"Mama," Mahfudh akaingilia, "mwache anywe chai."

"Nimemzuia? Mtoto wa watu anatajwa kwao, ndiyo heshima yake." Bi Muna alikuwa tayari ametoa simu kwenye mkoba. "Tena Arwa atafurahi. Ngoja nimwambie tunaunga udugu."

"Mama, pengine amepumzika," Swafiya alisema.

"Saa hizi? Arwa hapumziki." Akabonyeza, akaiweka simu mezani katikati ya vikombe na sauti juu, wote wasikie.

Simu iliita mara tatu. Kisha sauti ya mwanamke ikaitika, na Swafiya akaijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Bi Arwa yuko kwenye mswala. Mimi ni Mwanaidi."

"Mwanaidi wa biriani!" Bi Muna akachangamka. "Mimi Muna wa Malindi. Niko Dubai. Bora nimekupata wewe, maana wewe unaijua nyumba hiyo kuliko wenyewe. Hebu niambie, kuna mtoto wa ukoo huo yuko huku, anafanya kazi hotelini, anaitwa Swafiya? Mwanangu anamtaka. Kanambia ni Bamusfir."

Upande wa pili Swafiya alisikia maji yakichirizika kwenye beseni, kisha yakafungwa. Akamwona mama yake kana kwamba amesimama mbele yake: kanga imefungwa kifuani, mikono imelowa, simu imeshikwa kwa ncha za vidole. Mama yake alikuwa akifikiri. Mama yake alikuwa ameshaelewa.

"Yuko," Mwanaidi akasema taratibu. "Ndiyo, Bi Muna. Swafiya ni mtoto wa humu ndani."

"Wa nani hasa?"

"Wa... wa marehemu mdogo wake bwana mkubwa. Yule aliyefia ng'ambo. Ni mtoto mzuri, Bi Muna. Ana adabu, anaswali, hajui kujibu mkubwa. Nimemlea mimi kwa mikono yangu. Mchukueni, hamtajuta."

Bi Muna akamgeukia Mahfudh kwa furaha. Mahfudh akafumba macho kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mungu akulipe, Mwanaidi. Na wewe je, mwenzangu? Wako wameshaolewa?"

"Mimi? Mimi sikujaaliwa mtoto, Bi Muna."

Swafiya alisikia neno lile likipita masikioni mwake, likishuka kifuani, likikaa. Mwanamke aliyembeba mgongoni akikoroga sufuria za arusi za watu. Aliyekataa kuolewa mara mbili kwa sababu wachumba walitaka aje bila mtoto. Leo anasimama kwenye beseni la vyombo na kusema hana mtoto, ili mtoto wake apate mume.

Angeweza kunyamaza. Kila kitu kilikuwa kimeshakaa sawa mezani. Ilibaki yeye kuinamisha kichwa kama bi arusi. Na kwa pumzi moja, pumzi ambayo hakuja kujisamehe kwayo, alitamani kunyamaza.

"Mama," akasema. "Mama, usiseme hivyo."

Bi Muna akadhani anaambiwa yeye. "Nisiseme nini, mwanangu?"

"Si wewe." Swafiya aliinamia simu. Machozi yalikuwa yakidondoka kwenye sahani ya tende. "Mama, ni mimi. Niko hapa, nasikia. Usiseme huna mtoto. Mimi ni mwanao."

Meza ya jirani mtu alicheka jambo lake mwenyewe. Mahfudh alifumbua macho.

"Mwanaidi," Bi Muna aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu ni mwanao?"

"Bi Muna, msamehe," simu ikasema, na sasa ilikuwa ikilia. "Kosa ni langu. Msimlaumu yeye, kosa ni langu tangu mwanzo..."

"Si lake!" Swafiya alisema. "Mimi ndiye niliyedanganya. Sina ukoo huo. Mimi ni Swafiya wa Mwanaidi, baba yangu alinikana. Mama hajui hata nilisema nini huku. Amejua sasa hivi, hapa hapa, na bado..." Hakuweza kumaliza.

Bi Muna alinyoosha kidole, akaikata simu kwa upole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Hakupiga kelele. Swafiya alitamani angepiga kelele.

"Kuzaliwa kwako hakukuwa mikononi mwako," Bi Muna alisema. "Hilo hata mimi nalijua, na Mungu analijua. Lakini ulimi ulikuwa mdomoni mwako. Umemwacha mama yako ajiite tasa mbele yangu." Akachukua mkoba wake. "Mahfudh, nirudishe."

Mahfudh alisimama. Alimtazama Swafiya, na Swafiya akajilazimisha kumtazama, kwa kuwa aliona hilo ndilo deni dogo kabisa analoweza kulilipa. Machoni mwake hapakuwa na hasira. Kulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta funguo zake haziingii. Akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Hakugeuka.

* * *

Siku tatu Mahfudh hakupiga simu. Mwanaidi naye hakupiga. Swafiya kila alipolishika jina la mama yake kwenye simu, kidole kilikataa. Angeanzia wapi? Alisimama mapokezi, akawaambia wageni karibuni, akawaelekeza lifti, na kila mtu aliyemwita jina lake alimfanya ashtuke. Joanita alisikia habari yote, akasema tu, "Swafi, mimi ningekubeba hata bila jina." Hilo nalo likamliza.

Ijumaa baada ya sala, Mahfudh akaja. Alimkuta chini ya jengo lao, kwenye benchi la saruji karibu na mahali pa kuchezea watoto. Akaketi mwisho mwingine wa benchi. Kati yao pangeweza kukaa watu wawili.

"Miezi kumi na moja, Swafiya."

"Najua."

"Ungeniambia siku ile ile ya sambusa, ningecheka tu."

"Usingecheka."

Mahfudh akatafakari. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomfanya Swafiya ampende na amwogope. "Kweli, nisingecheka. Ningenyamaza siku mbili. Halafu ningerudi."

"Mimi sikujua kwamba ungerudi. Tangu nasoma, mwalimu akiita majina darasani, wenzangu waligeuka kunitazama likifika langu. Nilidhani huku ni mbali. Nilidhani nikivuka bahari nimelivuka na lile jina."

"Si jina linaloniuma." Alifungua viganja vyake, akavitazama. Mafuta yalikuwa yamerudi kwenye kucha. "Ni ile sauti. 'Mimi sikujaaliwa.' Nafungua giaboksi, naisikia. Naswali, naisikia. Mimi nilifurahi, Swafiya! Mama yako anajikata moyo na mimi nimekaa pale nafurahi. Umenifanya nifurahie kitu kama kile."

Swafiya aliufunika uso wake kwa mtandio. Lawama zote alizojisomea kwa siku tatu hazikuwa na hii. Hii hakuwa ameifikiria.

"Nisamehe," akasema kutoka ndani ya kitambaa. "Kama unataka kwenda, nenda. Sitakupigia."

"Mama anarudi Malindi kesho. Amesema hatakanyaga arusi yetu."

"Arusi gani, Mahfudh?"

"Hata mimi nimemuuliza hivyo. Arusi gani, wakati mwenyewe sijui kama nitaolewa na mtu anayenidanganya?" Akagundua alivyolisema, na pembe ya mdomo ikamcheza. "Nitaoa, namaanisha."

Swafiya hakuthubutu kucheka, lakini alishusha mtandio.

"Umeshaongea na mama yako?" Mahfudh akauliza.

"Sijaweza."

"Siku tatu?"

"Naona haya."

"Piga sasa. Mimi niko hapa."

Akapiga. Simu iliita mara moja tu, ikapokewa, kama iliyokuwa imeshikwa.

"Mama."

"Nilidhani hutapiga tena," Mwanaidi alisema.

"Mama, nisamehe."

Sauti ikaja nzito. "Nataka kukwambia sikukasirika, lakini nitakuwa naongopa, na kuongopa tumekwisha kuongopa vya kutosha. Nimekasirika, Swafiya. Maneno yale niliyasema kwa mapenzi, na ningeyasema tena. Lakini nilipokwenda kumaliza vyombo, mikono ilikataa. Nikakaa chini. Nikajiuliza, mwanangu alionea haya nini? Hii mikono?"

"Hapana, mama! Wallahi hapana."

"Ulikuwa ukiula wali wa mikono hii."

Swafiya alilia mpaka mlinzi wa jengo akageuka kutazama. Hakujitetea. Mwanaidi alimngoja alie, kama alivyomngoja alipokuwa mtoto, bila kumnyamazisha.

"Yule kijana," mama akauliza mwishowe. "Aliondoka?"

"Aliondoka. Leo amerudi."

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Mahfudh alipoipokea simu akasimama wima, akarekebisha kola ya kanzu kana kwamba anaonekana. "Shikamoo, mama." Akasikiliza. "Ndiyo, mama... Hapana, hilo silijali... Ndiyo, yeye anajua kwamba amekosea." Akatembea hatua kadhaa, akarudi. Swafiya alitazama viatu vyake vikienda na kuja, akiogopa kuinua macho. "Sawa, mama. Nimekuelewa. Nitasubiri."

Akamrudishia simu. Ilikuwa imeshakatwa.

"Amesema nini?"

"Amesema posa isipite kwa Bamusfir. Ipite kwake, kwenye chumba chake cha uani, na nije na mzee wa heshima, nisije kama mwizi. Kadhi ataozesha badala ya baba, lakini anayeombwa ni mama yako." Akaketi. Safari hii kati yao pangeenea mtu mmoja. "Ila kabla ya hapo wewe uende kwanza, peke yako. Amesema hataki kuniona mimi kabla hajakuona wewe. Kuna mambo anataka kukwambia ana kwa ana, na mengine si matamu."

"Na mama yako?"

"Sijui. Nitamsindikiza uwanja wa ndege, nitambusu mkono, nitamwambia tena. Atakataa tena. Sijui, Swafiya."

Walikaa hivyo kitambo bila kugusana. Mahfudh aliinuka kurudi dukani. Alipofika kwenye gari akamtazama, mtazamo mrefu ambao haukuahidi kitu, na Swafiya akaupokea wote.

Kisha akampigia Herbert.

"Sir, naomba ruhusa ya wiki moja. Nataka kwenda Mombasa."

"Wiki moja? Sasa hivi, na hoteli imejaa? Kuna nini huko nyumbani?"

Alikuwa na majibu mengi tayari mdomoni: msiba, ugonjwa, arusi ya ndugu. Yote yangefaa.

"Nimemkosea mama yangu," Swafiya akasema.